Mwalimu Haroub Anakwenda Wapi Jumamosi

Baraza letu la Wawi ni ubao mmoja mrefu wa mfenesi uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibaraza ninachowekea cherehani yangu. Nashona huku nasikiliza, na siku maneno yakiwa matamu, suruali ya mtu hutoka mguu mmoja mfupi. Baada ya sala ya laasiri hufika Seif Chungu na dele lake la kahawa na sahani ya kashata. Jina la Chungu kalipata kwa kahawa yake, si kwa moyo wake. Hapo wenyewe huwa washakaa. Kuna Yussuf Redio, dereva wa bodaboda, ambaye habari hazimpiti, na zikimpita huzitunga. Kuna Mzee Silima, karani mstaafu, tunayemwita Wahenga kwa methali anazozitupa popote zitakapoangukia. Na kuna Shaame Kavyaa, fundi wa kujenga, mkubwa wa mwili na mdogo wa maneno. Ilikuwa Jumamosi, mawingu mepesi, na Yussuf kaegesha pikipiki yake kwa pupa hata haikusimama sawa.

– Leo nimemuona! Wallahi nimemuona kwa macho yangu haya!

– Nani tena? akauliza Seif, huku anasuuza vikombe.

– Mwalimu Haroub. Nimepeleka abiria Vitongoji, napita kwa Bi Kazija, namkuta Mwalimu kakaa mkekani uani. Daftari magotini, simu kaishika hivi, karibu na mdomo wa bibi wa watu. Bibi anasema, yeye anaandika. Na hii Jumamosi ya saba, nimehesabu.

– Bi Kazija yupi? Huyu aliyepindukia miaka themanini?

– Huyo huyo.

Mzee Silima akavuta kikombe chake, akapuliza.

– Basi kuna posa hapo. Mwalimu ni mjane. Wahenga wamesema, samaki mkunje angali mbichi.

– Sasa mzee, huyu si mbichi. Huyu ng'onda!

– Ndo hapo. Kamkosa mbichi, anakunja mkavu. Methali haijakosea, kakosea mvuvi.

Tukacheka, isipokuwa Shaame. Shaame alikuwa anamega kashata vipande vidogo vidogo na kuvipanga kwenye goti.

Ninyi msiomjua Mwalimu Haroub, niwaeleze kidogo. Yeye ni mwalimu wa Kiswahili katika skuli yetu, mwaka wa thelathini na tatu huu. Mimi kanisomesha, Yussuf kamsomesha, Shaame kamsomesha, na sasa anasomesha watoto wetu. Shati jeupe, mikono mirefu, hata joto likae vipi. Baskeli nyeusi. Barazani kwetu hupita akatoa salamu kamili, kila herufi mahali pake, na hasimami. Kibao changu nilikiandika "NASHONA NGUO ZA AINA ZOTE NA KURAKEBISHA". Alisimama mara moja tu katika umri wake wote, akatoa chaki mfukoni, akafuta ile RA, akaandika RE, akapanda baskeli akenda zake.

– Mie nakwambieni, hakuna ndoa pale, akasema Yussuf. Mtu anayeoa anapeleka kanga, hapeleki daftari. Ile ardhi! Anaandika mipaka. Bibi anamtajia shamba la fulani linaanzia mkarafuu gani, yeye anaandika. Kesho utasikia kuna mwekezaji, na hoteli juu.

– Mwalimu? Na hoteli? Seif akasema. Yule hata kahawa hanywi.

– Kwani hoteli wanakunywa kahawa ya uchungu kama yako?

– Haraka haraka haina baraka, akaingia Mzee Silima, ndo maana kaenda kwa baskeli. Lakini mie naona mbali zaidi. Wazee wa zamani walificha mali. Bi Kazija babu yake alikuwa mganga mkubwa. Maneno anayoandika yule ni maneno ya kufungulia. Ukiyasema mbele ya pango, pango linaachia.

– Pango gani, mzee?

– Ningelijua ningekuwa hapa na nyinyi?

Yussuf akalirukia hilo kama kuku anavyomrukia panzi. Akasema sasa ndiyo kaelewa, kwa sababu ile simu ilikuwa inarikodi, na majini siku hizi hawaitwi kwa ubani, wanaitwa kwa sauti iliyorikodiwa. Akasema alipopita, kuku wote wa Bi Kazija walikuwa wamenyamaza. Kufika kikombe cha tatu tulikuwa na Mwalimu Haroub, jini wa kike kutoka Maskati, na sanduku la mali chini ya kisima, na Yussuf anataka tumpelekee sheha habari kabla ya magharibi.

– Tusimsingizie mtu, nikasema mimi. Labda ni starehe yake tu. Kila mtu ana anachokipenda.

– Yule anapenda nini? Nitajie kimoja.

Nikasimamisha cherehani nikafikiri. Seif akasema anapenda mkate wa mofa, maana humuona akinunua. Mzee Silima akasema huo alikuwa akimnunulia mama yake, Bi Rahila, na tangu bibi afariki mwezi wa Rajabu hanunui tena. Mpira haangalii. Siasa hazungumzi. Harusini hula na kuondoka. Miaka thelathini na tatu, na sisi sote pale hatukuweza kutaja kitu kimoja anachokipenda mtu anayewafundisha watoto wetu kuandika majina yao.

– Anapenda kusahihisha, akasema Shaame.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. Alilisema polepole, bila ya hasira, lakini kicheko kikakatika.

Maana jina lile la Kavyaa lilitoka kwa Mwalimu Haroub. Tulikuwa darasa la tatu. Mwalimu ndiyo kwanza kaja kutoka chuo cha ualimu Unguja, kijana, shati linang'aa. Akataka kila mmoja asimame aeleze habari ya nyumbani. Shaame alikuwa akilelewa na bibi yake kule Vitongoji na alikuwa na furaha siku hiyo, hata zamu yake haikufika, akasimama: "Mbuzi wetu kavyaa mapacha!" Hivyo ndivyo walivyosema kwao, ndivyo walivyosema kwetu sote. Mwalimu akamwita mbele. Akamwambia, hilo si neno la watu waliosoma, sema "amezaa". Akamsimamisha ubaoni aseme "amezaa" mara hamsini, na darasa zima tuhesabu. Tulihesabu kwa raha. Kufika mapumziko alikuwa Kavyaa, na Kavyaa akabaki mpaka leo ana ndevu zenye mvi. Mwaka uliofuata akaacha skuli, akenda kukoroga udongo na mjomba wake.

– Basi yakhe, hayo ya utoto, akasema Yussuf.

– Ndiyo, akasema Shaame. Ya utoto.

Akatia vipande vyote vya kashata mdomoni kwa pamoja.

Na hapo ndipo tukasikia breki. Mwalimu Haroub alikuwa anatoka njia ya Vitongoji, suruali kaibana kwa vibanio vya nguo, mkoba begani. Tukangoja salamu yake tuiitikie apite. Hakupita. Aliegemeza baskeli kwenye ukuta wangu, akafungua vibanio kimoja kimoja, akasema:

– Assalaamu alaykum. Mnaweza kunipa nafasi nikakaa?

Mzee Silima alisogea mpaka akakaribia kuanguka. Seif akamjazia kikombe bila kuulizwa. Mwalimu akakipokea, akaonja, uso ukajikunja, akameza kwa adabu.

– Paka akiondoka panya hutawala, akasema Mzee Silima, kwa kukosa la kusema.

– Paka amekuja, Mzee wangu, akasema Mwalimu.

Yussuf hakuweza kuzuia.

– Mwalimu, samahani. Watu wanasema. Si mimi, watu. Kwa Bi Kazija unafuata nini?

Nikadhani atakasirika. Akaweka kikombe chake juu ya ubao.

– Nafuata neno, akasema.

– Si nilisema! akanong'ona Mzee Silima. Pango hilo!

Mwalimu akatueleza. Mimi niliacha kushona kabisa.

Mama yake, Bi Rahila, aliugua wiki tano. Ulimi wake mwishoni ulirudi nyuma, ukawa unasema kama walivyosema kwao alipokuwa mtoto, na mengi mwanawe hakuyafahamu. Siku tatu kabla ya kufa alimshika mkono akamwambia: "Nletea kivumbwe." Akadhani anataka maji, akamletea maji. Bibi akatikisa kichwa. Akamletea shuka, akamletea mswaki, akamletea mto mwingine, akamletea msahafu. "Kivumbwe, mwanangu." Akawauliza majirani, hawakujua. Akalilinganisha na maneno yote aliyoyasoma, akafungua kamusi kando ya kitanda cha mgonjwa.

– Siku ya mwisho hakuniomba tena. Aliniangalia tu, akasema: "Mwanangu weye, nani kakunyang'anya maneno?" Alfajiri akafariki.

Seif akaliweka dele chini.

– Mie ni mtu wa Vitongoji, akaendelea, na ile mie ilimtoka mwenyewe, tukaisikia sote. Nilipokwenda Unguja kusoma, kila nikifungua mdomo chumba kizima kinacheka. Mpemba kasema, njooni mumsikie. Nikakaa usiku na mchana najisugua ulimi. Nikarudi hapa nimetakata. Nikasema sitaki mtoto wangu yeyote akachekwe kama nilivyochekwa mimi. Basi nikawacheka mwenyewe, ili wasichekwe na watu.

Akatoa madaftari mkobani. Yalikuwa manne, ya mistari, kama ya wanafunzi, kila moja na jalada la karatasi ya kaki. Kasema Bi Kazija naye halijui neno lile, lakini kwa kulitafuta wakakumbuka jingine, na lile likaleta jingine. Maneno ya pwani, ya jikoni, ya kumbembeleza mtoto. Kila neno na aliyelisema, ameandika jina lake pembeni. Akafunua ukurasa akamsogezea Shaame. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, nikasoma. "Vyaa: zaa. Kwa mfano, mbuzi wetu kavyaa mapacha. Nimelipata kwa Shaame, mwanafunzi wangu, darasa la tatu. Nilimwadhibu kwa kusema kweli."

Shaame alisoma kwa kidole. Alisoma mara mbili, nadhani, maana kidole kilirudi mwanzo.

– Leo Bi Kazija kanambia, akasema Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, kwamba kabla mie sijazaliwa bibi yako na mama yangu walikuwa wakitandaa pwani pamoja, wakivua dagaa kwa kanga, nyumba zao ua mmoja. Alisema kama kuna mtu aliyelisikia neno lile, ni wewe uliyelelewa mikononi mwake. Ndiyo nimekuja. Nisamehe kwanza, halafu uniambie. Ukitaka, niambie bila ya kunisamehe. Kivumbwe ni nini?

Sote tukamgeukia Shaame. Mzee Silima akatafuta methali, nikamuona anaitafuta, asiipate. Gari ya Chake ikapita, vumbi likatua.

– Silijui, akasema Shaame.

Mwalimu akainamisha kichwa.

– Labda nililijua. Siku ile nilirudi nyumbani, bibi akanipokea, akaniuliza habari za skuli. Akanena kama anavyonena siku zote. Nikamwambia, bibi, sema vizuri, usinitie haya. Na kesho yake vile vile. Kila akifungua mdomo, mie namsahihisha. Sema hivi, sema vile. Mwishowe akawa haneni na mie ila kwa haja. Chakula hiki hapa. Kalale. Basi. Nimeishi naye miaka sita baada ya hapo, Mwalimu, na sikupata neno.

Alifuta mdomo kwa kiganja. Sikujua nimtazame nani, nikatazama uzi wangu.

– Basi tumelipoteza wawili, akasema Mwalimu Haroub.

– Wawili.

Seif aliinua dele akaliinamisha. Likatoa tone moja na masimbi ya kahawa. Kwa kawaida hapo ndipo watu huondoka. Hakuondoka mtu. Yussuf akajikohoza, akasema kwa sauti ndogo kwamba ana shangazi yake Wingwi, mkongwe, huenda akajua, na petroli si kitu. Mzee Silima akasema mama yake alikuwa na namna yake ya kumwita mtoto anayedeka, akalitaja lile neno, halafu akaona haya kama kijana. Mwalimu akafungua kalamu, akaliandika, na pembeni yake akaandika: Silima. Mzee akachungulia kuona jina lake, akakaa sawasawa.

Shaame alikuwa bado kashika lile daftari la kwanza.

– Jumamosi ijayo unakwenda saa ngapi?

– Saa mbili, akasema Mwalimu.

– Nipitie. Kuna mwanamke Vitongoji alikuwa rafiki wa bibi, kakaa nyuma ya msikiti, hatoki nje. Mgeni hatamfungulia. Mie atanifungulia.

– Nitakupitia, Shaame. Nashukuru.

Shaame akasimama, akakung'uta makombo ya kashata, akamrudishia daftari kwa mikono miwili.

– Ila njiani, Mwalimu, mie n'tanena n'navyonena. Usin'sahihishe.