Gurudumu la Farao

Treni ilipoondoka, kijana anayefundisha watoto kanisani alikunjua kitambaa kikubwa chenye picha ya gurudumu lililoota matumbawe. "Gurudumu la gari la vita la Farao hili, limekutwa chini ya bahari," alimwambia mama fundi cherehani aliyeketi mbele yake. "Kesho nawatundikia watoto. Nani atabisha tena kwamba bahari iligawanyika?"

"Farao hakuacha na honi?" fundi alifoka. Bibi aliyeketi kando yake akameza kicheko.

"Mama, usikufuru."

"Kukufuru ni kuwalisha watoto uongo! Mimi naiamini bahari ile bila gurudumu. Lakini mwanangu alifundishwa kwa picha hiyo hiyo. Alipokua akajua ni ya kubuni, akatupa picha na Mungu pamoja. Leo nyumba nzima nasali peke yangu. Nani aliliona hilo gurudumu? Mtaje!"

Kijana akajikuna shingo. "Picha imesambazwa na watu wengi, mama."

"Hata mafua husambazwa na watu wengi!"

Huku machozi ya hasira yakimlengalenga, fundi alivuta ncha ya kitambaa, akachomoa sindano kwenye ukosi wake, akaanza kushona pindo lililokuwa limefumuka. Bibi akatabasamu: mkono wa fundi haujui kununa.

Treni ikasimama kwenye kituo alichoshukia kijana. Fundi akakata uzi kwa meno, akamsukumia kijana kitambaa kifuani.

"Mshono wangu hautafumuka, mwanangu. Wako je?"

Kijana aliinuka, lakini alibaki mlangoni amekikumbatia kitambaa, watu wakimwambia apishe njia.