Gari Likiitwa Liitike: Tunamuaga Mzee Mudathir

Na ndiyo maana, kama nilivyokuwa nawaambia pale kwenye chai kabla simu ya mapokezi haijanikatiza, Mzee Mudathir Uweso haelezeki kwa kutaja miaka peke yake. Miaka yenyewe ni thelathini na miwili. Aliingia Gereji ya Mwambao, hapahapa Usagara, Tanga, mwaka 1994, na anastaafu Ijumaa hii, tarehe 5 Juni 2026, baada ya swala. Lakini miaka hata ukuta unayo. Mzee Mudathir ana kitu kingine, na mimi Nasma wa mapokezi, niliyeolewa juzi tu na hina ingali mikononi, nimeomba mwenyewe niandike haya kwenye kijitabu cha sherehe. Bila yeye nisingekuwa na hina.

Alipoanza kazi, gari lilikuwa linapelekewa amri kwa waya. Unakanyaga pedeli, waya unavuta, kilango cha hewa kwenye kabureta kinafunguka na injini inanguruma. Mafundi wakongwe wanasimulia kuwa Mzee Mudathir alikuwa akiuvuta waya huo kwa vidole viwili, macho ameyafumba, kama fundi cherehani anayejaribu uzi. Kisha anatoa hukumu. Ukilegea anaukaza, ukikaza sana anaulegeza. Gari lilikuwa likiondoka hapa, dereva anarudi kesho yake na papai, kwa furaha tu.

Halafu zikaja pedeli zisizo na waya, zile zinazotuma habari kwa umeme mpaka kwenye kompyuta ya gari. Mara ya kwanza alipofunua boneti akakuta waya haupo, aliigeukia gereji nzima akauliza, "Sasa mie naongea na nani humu?" Alinuna wiki. Kisha akaomba likizo, akaenda Dar es Salaam kusomea, akiwa na mvi tayari, akarudi anazungumza na kompyuta kama alivyokuwa akizungumza na waya. Na hakurudi kimya! Mzee wetu huyu akijua jambo, mtaa wote wa Usagara utajua kwamba anajua.

Falsafa yake kila mmoja wetu ameisikia. Sisi tumelelewa hivyo: ukiitwa, unaitika. Mwanamume naam, mwanamke abee, na mwenye adabu zaidi anasema labeka. Kwa Mzee Mudathir gari nalo ni mtoto wa watu. Mguu wa dereva ndio unaoita, injini ndiyo inayoitika. Kuna gari linaloruka na kusema naam kabla hujamaliza kulitaja jina, likamwaga na kahawa. Kuna gari kiziwi, uite mara tatu, ya nne upige ukelele. Yote mawili, anasema, yanakunywa mafuta: la kwanza kwa papara yake, la pili kwa kelele zako.

Nilidhani ni maneno ya kuchekesha wateja, mpaka yalipogusa ndoa yangu.

Badru, mume wangu (naandika neno hilo kwa raha), alikuwa anaendesha gari la abiria saba la Bwana Himyar, mwenye gereji hii. Wiki hii anapeleka wasafiri Horohoro mpakani, wiki ijayo anawapandisha wageni Amani, msituni. Siku moja akanunua kiboksi kidogo kinachochomekwa kati ya pedeli na kompyuta, akakiweka kwenye ukali wa mwisho. Ukigusa tu, gari linachupa. Alikuja kunionyesha hapa mlangoni, macho yanang'aa. "Nasma, injini imeongezeka nguvu! Panda usikie!" Nilipanda. Kilemba kilinishuka hadi puani.

Raha ile haikudumu. Tangi lililokuwa likienda Amani na kurudi na akiba juu, sasa lilikuwa linaomba kuongezwa Muheza. Bwana Himyar si mtu wa kupayuka. Alimwita Badru akamwambia kwa upole unaotisha, "Gari likinywa hivi mpaka mwisho wa mwezi, utaniletea ufunguo." Na baba yangu, ambaye posa alikuwa bado hajaijibu, alikwisha kusema kwamba mkwe asiye na kazi hamtaki. Kwa hiyo ufunguo ule ulikuwa wa gari, na ulikuwa wa nyumba yangu pia.

Badru akakimbilia upande wa pili. Akakiweka kiboksi kwenye upole wa mwisho, ule unaosifiwa kuwa unabana matumizi, akapanda na gari Amani kufuata wageni. Saa nne asubuhi akanipigia, sauti inakatika kwa milima: "Nasma, gari haina mafuta. Nakanyaga, haina mafuta kabisa. Mwambie fundi." Simu ikafa.

Wenzangu, sisi pedeli tunaiita mafuta. Tunakanyaga mafuta, tunaachia mafuta. Badru alimaanisha pedeli haiitiki. Mimi, mpenzi wa watu, nilisikia tangi limekauka na mchumba wangu yuko peke yake msituni. Nikajaza dumu la lita ishirini, nikamwomba Dorkasi, fundi wetu, anipeleke. Mzee Mudathir akaingia kwenye gari bila kualikwa, akisema anakwenda kunusa hewa ya mlimani.

Tulimkuta Badru kwenye kona za juu, amekaa juu ya jiwe. Nilishuka mbio na dumu langu. Alilitazama, akanitazama, akafungua mfuniko wa tangi. Mafuta yalikuwa nusu na zaidi. Mzee Mudathir alicheka hadi akashika mti. "Bibi harusi amepeleka mafuta kwa mafuta! Yakhe, hii nitaisimulia mpaka nife." Na anaisimulia. Mpaka leo nikipita uani kuna mtu lazima aulize, "Nasma, dumu lipo?"

Alipomaliza kucheka akakaa kiti cha mbele, akamwambia Badru aendeshe. Mimi na Dorkasi tukapanda nyuma. Kwanza kwenye upole: gari likasuasua kwenye mwinuko, Badru akakanyaga hadi chini, injini ikalia. "Umeona? Haliitiki, kwa hiyo unafoka. Ubanaji uko wapi hapo?" Kisha kwenye ukali: gari likachupa, breki, likachupa, breki, na vichwa vyetu vikawa vinakwenda mbele na nyuma. "Watazame abiria wako kwenye kioo," akasema. "Wanasema naam, naam, naam, na hakuna aliyewauliza kitu!"

Badru akajitetea kwamba lakini kwenye ukali gari lina nguvu zaidi. Mzee akamwambia akanyage hadi mwisho kwenye ukali, kisha hadi mwisho kwenye upole, mwinuko uleule. Tulipanda kwa kasi ileile mara zote mbili. Mzee akasema polepole, "Kiboksi hiki hakiongezi nguvu hata chembe, mwanangu. Kinachobadilika ni adabu. Injini ni ileile, kilango kikifunguka kiasi kilekile inakunywa kilekile. Mafuta yako yamo kwenye kifundo cha mguu wako."

Nilitegemea akitupe bondeni, maana alikuwa amekwisha kuapa kwamba hicho ni kichezeo cha watoto. Alikishika, akakijaribu daraja baada ya daraja, kona moja hadi nyingine, macho ameyafumba vilevile kama enzi za waya. Kwenye daraja la kati, upande wa upole kidogo, akafumbua. "Naapa nilikuwa nimekosea. Mguu wa huyu kijana unapatana na hapa kuliko gari lilivyotoka kiwandani. Kiache." Kumsikia Mzee Mudathir anasema amekosea! Dorkasi alinifinya kuhakikisha wote wawili tumesikia.

Tukawachukua wageni, tukateremka Badru akifundishwa kuita, Dorkasi akifuata nyuma na gari alilotuletea. Usimpigie kelele. Mwite mara moja, ngoja aitike, kisha mwongeze. Ukifika tambarare mwachie, atakwenda mwenyewe. Sijui niwaelezeje. Gari lilelile, kiti kilekile, lakini lilikuwa linatembea kama mtu anayejua anapendwa. Mpaka tunafika Muheza hakuna kichwa kilichokuwa kikisema naam.

Mwisho wa mwezi Bwana Himyar alipima mwenyewe. Akajaza tangi hadi shingoni hapa Tanga, akakaa nyuma, wakaenda Amani na kurudi, akajaza tena. Mafuta yalirudi palepale pa zamani, na safari ya pili yakashuka kidogo zaidi. Lakini Badru anasema alijua amepona kabla ya pampu. Alitazama kioo karibu na Pongwe, akamwona Bwana Himyar, mtu ambaye hajawahi kulala kwenye gari la mtu, kinywa wazi, anakoroma. Ufunguo ulibaki. Baba akaijibu posa.

Na siku ya harusi aliyenipeleka ni Mzee Mudathir. Alikataa katakata mtu mwingine ashike usukani. Kuanzia nyumbani hadi ukumbini nilikuwa na kikuba, kile kishada cha maua, begani, na nilipofika hakuna ua hata moja la asumini lililokuwa limedondoka. Shangazi zangu walidhani ni pini zilizoyashika.

Jumatatu benchi lake atalishika Dorkasi, mwanafunzi wake wa kwanza kusifiwa mbele za watu, naye anasema kila akifungua boneti bado anasikia ile sauti ikimuuliza anaongea na nani. Gereji hii imejaa mafundi aliowafunza kusikiliza kabla ya kushika spana. Asante, mzee wetu, kwa kelele zako, kwa majivuno yako yote ya halali, na kwa siku ile moja uliyokiri kukosea mlimani. Mwenyezi Mungu akujaalie siha, minazi yako ya Kigombe izae, na mkeo Bi Semeni, aliyekungoja jioni zote hizi, akushibe sasa na mchana.

Nyumbani kwetu Badru akiniita ninaitika abee. Nikimwita mimi, anaitika labeka, na hakuna anayepaza sauti. Tumejifunza garini.

Basi usifunge mlango, shikamoo yetu iko njiani. Kabla mwezi huu haujaisha mimi na Badru tutakuja Kigombe, na dumu nitalibeba, tupu, ulicheke vizuri. Utajua ni sisi kwa jinsi gari litakavyoingia uani kwako bila kushtua kuku. Tutaita mara moja tu, kwa sauti ya chini. Uitike.