Arlene Thibault na Maana Aliyoishuku

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha wahariri wa kamusi yetu ya Kiingereza hapa Providence, Bi. Arlene Thibault anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Machi.

Kwa wageni wetu, nieleze kidogo. Mhariri wa kamusi hatungi maana. Huziokota kwa wanaozitumia, kisha huzishuku, na Arlene alizishuku kutushinda sote. Hata mama yake mzazi akimpigia simu na neno jipya, aliulizwa kalisikia wapi na nani mwingine alikuwapo.

Ndiyo maana alikabidhiwa "run". Kwa neno hilo moja Mmarekani hukimbia, maji hutiririka, pua huchuruzika, duka huendeshwa, soksi hufumuka na mwanasiasa hugombea kiti. Arlene alikaa nalo karibu mwaka mzima.

Mwaka huo Dwight Pelkey, mgeni kazini kutoka jimbo la Vermont, alileta maana nyingine: mshuko mmoja wa utomvu wa miti ya mepo, ule unaochemshwa kuwa shira, tangu jua liyeyushe barafu hadi baridi irudi. Lakini mifano yake yote ya matumizi ilitoka katika gazeti moja la kaunti ya kwao, ambako akina Pelkey wamejaa kila kona. Arlene akanusa njama. Kwetu, anayeghushi mfano hufukuzwa, na Dwight alikuwa bado kwenye majaribio.

Kabla ya kumshtaki, Arlene aliendesha gari hadi bonde la Vermont lisilo na Pelkey hata mmoja. Alikuwa na mwiko wake: neno haliulizwi, husubiriwa, kwa kuwa anayeulizwa hukubali kwa adabu tu.

Mkulima Royce Bashaw aliiona namba ya ugenini kwenye gari, akamwona mama asiyesema shida yake, akajua huyu ni wa idara ya kodi. Alimkaribisha kwenye kibanda cha kuchemshia utomvu, akampa shira ya moto iliyomwagwa juu ya theluji, pamoja na donati na achari ya matango, kama ilivyo desturi ya huko. Maneno hakumpa. Wakashukuana hivyo kutwa nzima, hadi mkewe, Verna, alipoingia na ndoo.

"Royce, acha kumkodolea mama wa watu macho. Tukiikosa run hii, nyingine hatuna mwaka huu."

Hapo Arlene akajitambulisha. Royce akaguna: "Kamusi? Bora ungekuwa wa kodi. Hao tumewazoea."

Kesho yake, katika chumba chetu ambamo hata salamu hunong'onwa, Arlene alisimama mbele ya meza ya Dwight akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Nilikudhania mwongo, Dwight. Nilikosea mimi."

Maana ile ikaingia kamusini. Dwight leo ndiye mkuu wetu.

Asante, Arlene, kwa kutoamini upesi, na zaidi kwa kurudi kusema. Upate asubuhi zisizo na haraka na majirani wenye maneno mengi. Sisi wenzako tunakupenda, na kwa hilo usitafute mashahidi.