Bi Bogusława Rzepecka, Aliyeivalisha Vuli ya Łódź

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Bogusława Rzepecka wa idara ya mavazi ya kike anastaafu baada ya kulitumikia Duka Kuu la Jesionka, hapa mjini Łódź, kwa miaka thelathini na minane. Tarehe ameichagua mwenyewe. Utawala ulimpendekezea mwisho wa Agosti, akawajibu kwamba haiwezekani mtu aondoke kazini msimu wake ukiwa mlangoni.

Msimu wake ni vuli, majani yanapopukutika. Wakati wa joto kila mtu anajua kuvaa, husema, na wakati wa theluji kila mtu anajifunika tu. Lakini miezi hii ya katikati, asubuhi barafu, mchana jua, jioni mvua inayopiga ubavuni, ndiyo inayomkoroga mwanamke mbele ya kabati lake. Hapo ndipo Bogusia, kama tunavyomwita, alipofanya mambo ambayo mimi, fundi wa marekebisho niliyekaa upande wa pili wa ukuta kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka leo siwezi kuyaeleza vizuri. Nimeyaona tu.

Alikuja kwetu mwaka 1987, binti wa mji jirani wa Zgierz mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Wakati ule nchi nzima ilikuwa na uhaba, na rafu zilikuwa tupu kiasi kwamba wauzaji walizifuta vumbi kutwa nzima ili waonekane wana kazi. Bogusia akachoka kufuta vumbi. Akaanza kuwaambia wateja, “Rudi nyumbani, mama, niletee ulicho nacho.” Wakaleta: shali za bibi zao, sweta zilizotoboka, mapazia. Siku moja mwalimu mmoja aliingia na koti la marehemu baba yake, limemmeza mpaka kwenye kucha. Bogusia alilikunja mikono, akalibana kiunoni kwa mkanda wa begi, akavuta shali ya rangi ya kutu na kuitupia bega moja. Mwalimu alijitazama kwenye kioo akasahau kufunga mdomo. Haukupita muda, nusu ya walimu wa shule ile walikuwa wakitembea mjini na makoti ya kiume.

Baadaye bidhaa zilijaa, na kazi yake ikawa ngumu zaidi, maana sasa ilibidi awazuie watu. Wengi wetu tunakumbuka alivyomvua mke wa mkubwa mmoja kofia kichwani, mbele ya watu. “Hii inakuonyesha kama uyoga, dada, tena ule wa sumu.” Sote tuligeukia ukuta. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, na hakununua nguo kwingine tena.

Alianza na viatu siku zote, kwa sababu vuli ya Łódź inaanzia chini, kwenye majani yaliyolowa. Akishapata viatu, anatafuta koti. Kisha anachagua rangi moja tu ya kupiga kelele, iwe skafu, glavu au soksi ndefu, na vingine vyote anaviambia vinyamaze. Halafu anakutembeza. Atakupeleka hadi mlangoni na kukurudisha, atakukalisha, atakuambia uinue mkono kama unayeshika bomba ndani ya tramu. Koti likipanda mabegani, analitupa. “Kusimama tu hata sanamu za dirishani zinaweza,” husema. “Wewe una safari.”

Sasa niandike habari ya dada wawili wa ukoo wa Gmurek, ambayo wageni wa idara husimuliwa nusunusu. Wenyewe wameniruhusu niisimulie yote.

Aniela ni mkubwa, mwalimu wa michezo. Felicja, mdogo wake, alikuwa akifanya kazi ng'ambo. Mama yao, ambaye Bogusia alimvalisha kila vuli kwa miaka mingi, alifariki ghafla. Ndege ya Felicja ikachelewa kwa sababu ya ukungu, na Aniela hakusubiri. Felicja alifika makaburini akakuta kaburi limeshafukiwa na watu wanakung'uta viatu. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Hata Felicja aliporudi kuishi Łódź, kila Siku ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, mji mzima unapozuru makaburi, Aniela aliwasha mshumaa kaburini alfajiri, na Felicja akawasha wa kwake jioni, giza likishaingia.

Oktoba ya mwaka 2014 Aniela alikuja dukani kutafuta nguo za siku hiyo. Bogusia alimpa koti refu la kijivu, buti nyeusi na skafu ya rangi ya damu ya mzee. Alipendeza mno. Wakati nikipima upindo wa koti nilimsikia Bogusia akimwambia, “Skafu hii usiivae alfajiri. Kwenye mwanga wa alfajiri itaonekana kama ini la juzi. Inataka jua la saa saba mchana.”

“Mimi huenda alfajiri,” alisema Aniela.

“Basi nirudishie skafu. Siwezi kukuacha uniaibishe mbele ya mji mzima.”

Aniela aliitazama skafu, akajitazama kwenye kioo, akaondoka nayo.

Zikapita siku chache, akaja Felicja. Bogusia akamvika koti la rangi ya damu ya mzee, buti nyeusi zilezile, na glavu na kofia ya kijivu. Huyu naye nilimpunguzia mikono ya koti, na sikushtukia mpango wowote. Akaambiwa kwamba koti lile ni jepesi, jioni baridi ingemla mifupa, na kwamba saa saba mchana ndiyo saa yake. Felicja ni mtu wa kuhisi baridi. Alikubali bila ubishi.

Jumatatu baada ya sikukuu, mlango wa idara ulifunguliwa kwa kishindo. Waliingia wote wawili, bega kwa bega, wamevaa zile nguo. Hapo ndipo nilipowaona pamoja kwa mara ya kwanza, na mkasi ukanidondoka. Kila kilichokuwa cha kijivu kwa mmoja kilikuwa chekundu kwa mwenzake. Ungedhani wamekatwa kwenye kitambaa kimoja.

“Yuko wapi huyo mchawi?” aliuliza Aniela.

“Ametufanya wanasarakasi!” alisema Felicja. “Makaburi yote yanatutazama! Wanawake wanatunyooshea vidole! Kuna bibi kizee kaniuliza kama sisi ni pacha!”

Bwana Ignacy Wolniak, meneja wetu wa wakati ule, alishuka ngazi mbilimbili. “Bi Bogusława, ulijua kwamba hawa ni ndugu waliokosana?”

“Nilimvalisha mama yao, bosi. Nilijua.”

“Na ulifanya makusudi?”

“Tangu kwenye buti.”

Hakuna aliyetarajia akiri. Felicja akamgeukia dada yake. “Halafu juzi wewe ukasimama pale kaburini kama mti. Hata pole hukusema.”

“Nilikuwa nalia, ningesemaje?”

“Mimi ndiye niliyelia kwanza!”

“Wewe? Wewe ulikuwa unapenga kamasi kwa sababu ya baridi!”

“Mbona hukunisubiri, Aniela?” Sauti yake ilikuwa imeshuka, nasi sote tukajikuta tumeshika nguo tusizozihitaji. “Saa mbili tu. Mama angekasirika kusubiri saa mbili?”

“Niliogopa,” alisema Aniela. “Padri alikuwa anauliza, watu wanatetemeka mvuani, na mimi nilikuwa peke yangu. Niliogopa nikisubiri zaidi nitaanguka.” Na huku akisema hivyo, mikono yake ilikuwa inamfungia mdogo wake kifungo cha juu cha koti, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule. Felicja alimwacha afunge.

Mimi nimeona harusi, nimeona Papa akipita barabarani. Sijawahi kuona jambo kama nililoliona asubuhi ile, sindano zikiwa mdomoni.

Malalamiko yalikuwa yameshasikika na wateja, kwa hiyo adhabu ilikuwepo. Wolniak alimshusha Bogusia ghala la chini, akapange glavu, na akatuambia wazi kwamba baada ya mwaka mpya huenda asiwe nasi tena. Bogusia alishuka akiwa amevaa koti lake la rangi ya haradali na lipstiki, akazipanga glavu kwa rangi mpaka ghala likawa linapendeza kuliko dirisha la mbele. Lakini usiku hakuwa analala, aliniambia hivyo mwenyewe. Nilimuuliza kama anajuta. “Wangeweza kupigana pale kaburini,” alisema. “Hilo ndilo linaloniamsha. Sikuwa na uhakika, Kinga. Nilikuwa na skafu tu.”

Kabla ya Krismasi dada wale walirudi. Walipitiliza moja kwa moja hadi ofisi ya meneja, na kwa kuwa ofisi ile haina siri, tulisikia wote.

“Tuliolalamika ni sisi,” alisema Aniela. “Na tunaofuta malalamiko ni sisi.”

“Duka lina taratibu zake, mama,” alisema Wolniak.

“Basi tuvalishe wewe kwa utaratibu huo,” alidakia Felicja. “Haya, simama. Nitafutie sketi inayoendana na koti hili.”

Wolniak, na tumshukuru kwa hili, alicheka. Jioni hiyo Bogusia alipanda kutoka ghalani. Hao dada bado wanakuja kila Oktoba, na bado wanagombana ndani ya chumba cha kujaribia nguo hadi pazia linatikisika.

Kuanzia wiki ijayo Bogusia ana mpango wa kwenda msituni kuokota uyoga pamoja na mumewe, Bwana Seweryn, ambaye ameshanunuliwa koti jipya na hakuulizwa maoni yake. Idara inabaki kwa Roksana Dudziak, aliyefundishwa naye na aliyelizwa naye mara kadhaa, kama sisi sote.

Bi Bogusia, wewe uliwatazama wanawake wa mji huu walipoingia wamelowa na kununa, ukaona mapema walivyoweza kuwa. Hatukuelewa uliona nini, lakini tuliwaona wakitoka. Kwa niaba ya chumba cha marekebisho, idara zote nne na wapishi wa kantini, asante kwa kila siku uliyotupa. Tunakutakia afya, usingizi mzuri, na vuli nyingi zenye jua, na usikose mtu wa kutembea naye.

Kinga Oleszek, chumba cha marekebisho