Mama Marejesho na Haki ya Kuudhika

Inatangazwa kwa masikitiko makubwa, kwa wafanyakazi wote wa maktaba, kwa wasomaji, na kwa yeyote mwingine ambaye habari hii itamkosesha hamu ya kula, kwamba kuanzia saa kumi kamili alasiri ya Ijumaa tarehe 28 Juni, mto wa kijani uliopo kwenye kiti cha dirisha la marejesho hautakuwa na mwenyewe. Idara ya Ununuzi imekwisha kuuomba kwa barua. Idara ya Magazeti nayo imeuomba, kwa mdomo na kwa ukali. Uamuzi bado haujatolewa.

Mwenye mto anastaafu siku hiyo baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, yote nyuma ya dirisha lile lile. Mama Marejesho, kama anavyoitwa na kila mtu, mkuu wa maktaba akiwemo, aliletwa hapa kushikilia nafasi ya karani aliyekwenda likizo ya uzazi. Ilikuwa iwe miezi mitatu. Karani aliporudi alikuta wasomaji wamepanga foleni kurudisha vitabu, jambo ambalo halijawahi kuonekana mahali popote ambako watu huazima vitu. Akahamishiwa kwenye kadi za uanachama kwa hiari yake mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa kwenye likizo ile sasa ni baba wa watu, na kitabu alichoazima mwezi wa pili bado tunakingoja.

Kazi ya marejesho, tuseme ukweli, si ya kumtoa mtu jasho. Unapokea kitabu, unakikagua kama hakijamwagiwa chai, unagonga muhuri, unakiweka kwenye toroli. Mtu angeweza kuifanya huku anasinzia, na inasemekana wapo walioifanya hivyo.

Wiki yake ya pili, fundi cherehani mmoja alikibwaga kitabu dirishani hadi muhuri ukaruka. Jalada lilikuwa limemwahidi kwamba hataweza kukiweka chini. Yeye alikuwa amekiweka chini mara kumi na moja, akahesabu. Utaratibu ulikuwa kusema asante na kumwita anayefuata. Mama Marejesho akamtazama kama anayetazama kitendawili, akamuuliza: "Kwani wewe ulitarajia nini?"

Hakuuliza kwa kejeli, bali kwa kutaka kujua. Yule fundi, maana hakuna aliyewahi kumuuliza, akaeleza kwa dakika arubaini. Foleni ilifika ngazini. Hakuna aliyelalamika; walikuwa wanasikiliza.

Tangu siku hiyo akaanza kubandika, ndani ya jalada la nyuma, chini ya karatasi ya tarehe, kipande cha karatasi chenye nafasi mbili tu: ukurasa ambapo moyo wako ulianguka, na ulichokuwa umekitarajia. Vikaratasi hivyo havimo kwenye orodha yoyote ya vifaa vya maktaba. Vimo kwenye vitabu elfu mbili na kitu. Muuguzi mmoja aliandika: "Ukurasa wa 9. Muuaji ni mpishi. Nilitarajia kuchelewa kujua." Kwenye kitabu cha tiba ya kukosa usingizi, mtu ameandika: "Kilisema nitalala. Nimekisoma chote." Na mama mkwe wa mtu, aliyerudisha kitabu cha subira saa mbili baada ya kukiazima, hakujaza ukurasa. Aliandika tu: "Kirefu mno."

Inabidi hapa nijitambulishe, kwa sababu mimi ndiye ninayechagua vitabu vya maktaba hii. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikinunua na yeye amekuwa akipokea matokeo. Kila Jumatatu asubuhi alinijia na vikaratasi vya wiki, mchangamfu kama daktari mwenye majibu ya mgonjwa wa mwenzake. "Mdogo wangu," aliniambia, "majalada hayajambo?" Maana aligundua mapema kwamba mimi hununua kwa kutazama majalada.

Lakini hakuwa mtu wa kucheka vitabu. Alikuwa na udadisi wa kweli juu ya jambo hili, na madaftari kumi na moja yenye majalada magumu ni ushahidi. Kutokana nayo tunajua kwamba mioyo mingi huanguka kati ya ukurasa wa arubaini na wa sitini. Tunajua kwamba msomaji mwenye lawama ndefu ndiye anayerudi upesi kuazima kingine. Tunajua pia kwamba kitabu kisicho na lawama hata moja, mara nyingi, hakijamalizwa na mtu. Na vile vyenye vikaratasi vilivyojaa pande zote mbili ndivyo vinavyoazimwa kuliko vyote. Watu wanataka kujionea wenyewe. Mkaguzi aliyekuja kutuonya kwamba tunachafua mali ya umma aliondoka na vitatu.

Katika yote hayo alikuwa na sharti moja: hakuna kumpoza mtu. Ukimwambia msomaji kwamba kitabu si kibaya kiasi hicho, alisema, umemnyang'anya alichokuja nacho, na njia nzima alikibeba. Hakulipunguza lalamiko la mtu yeyote, hata lile lililonitaja mimi kwa cheo na kwa umbo.

Ndiyo maana kisa cha Mpima Ardhi kilimweka pabaya.

Mpima Ardhi, wakati huo amekwisha kustaafu, aliazima riwaya niliyoinunua kwa ajili ya picha ya mlango mwekundu kwenye jalada. Chini ya mlango, kwa herufi ndogo kama sisimizi, palikuwa na maneno "Juzuu ya Kwanza". Sikuyaona. Naye hakuyaona, maana macho yake yalikuwa yameanza kuondoka: la kushoto limekwisha kwenda, la kulia, kwa maneno yake, liko stendi na mizigo yake. Daktari alikuwa amemwambia asitegemee miaka mingi ya kusoma.

Riwaya ile inaishia pale dada mtu, baada ya miaka ishirini bila salamu wala barua, amesimama nje ya mlango wa nyumba ya baba yao. Amegonga. Ndani yupo kaka mtu, ameshika ufunguo. Mwisho wa kitabu. Mzee alikirudisha dirishani. "Mwanangu," alimwambia Mama Marejesho, "huwezi kusimika mawe matatu ya mpaka ukasema kiwanja kimepimwa."

Mama Marejesho akamwahidi kwamba juzuu ya pili itakapotoka, ataipata wa kwanza. Hakujua anaahidi nini. Alimwandikia mchapishaji barua kumi na nne katika miaka sita. Alijibiwa mbili, na zote zilisema "karibuni". Na kila Jumanne, saa nne, Mpima Ardhi alikuja dirishani, mwaka wa kwanza na miwani, wa tatu na kioo cha kukuzia, wa tano na mkongojo wa kupapasia njia, akauliza swali lile lile: "Dada mtu bado yuko nje?"

"Bado yuko nje, mzee," Mama Marejesho alijibu, "na leo kuna upepo." Ikinyesha, alimwambia dada mtu amelowa. Jua likiwa kali, kwamba amejisogeza chini ya upenu. Sisi wengine tulicheka. Wao walikuwa wanatunza kitu.

Juzuu ya pili ilipofika, jicho la kulia nalo lilikuwa limeshasafiri. Mama Marejesho aliipeleka nyumbani siku ya Ijumaa ili aisome kwanza. Jumatatu aliifungua mezani kwangu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza kabisa: "Dada alipokwisha kuingia na wote wakapatana, kaka aliamua kufungua karakana ya matairi." Zilizofuata, kurasa mia tatu na kumi na mbili, ni karakana ya matairi. Yule dada hatajwi tena.

Mzee alikuwa amemngojea dada yule mlangoni hadi macho yakamwishia, na waliyemngojea alipitishwa katika nusu ya sentensi. Mama Marejesho aliniuliza tufanyeje. Na mimi, ambaye mashauri yangu yamejaa kwenye rafu zile, nikamwambia: haoni, utamsomea wewe, basi mtungie.

Wengi wenu mnajua kilichofuata, kama kinavyosimuliwa. Kwamba Mama Marejesho alifungua kitabu, akasoma kutoka kichwani saa nzima. Kwamba dada aliingia kwa maneno ambayo hakuna mwandishi angeyapata. Kwamba mzee alilia, chumba kizima cha kusomea kikasimama. Kisa kizuri sana. Nimekisimulia mimi kwenye karamu nne za kuwaaga wastaafu, na kila karamu niliongeza machozi.

Kwa desturi, shukrani na heri huwekwa mwisho wa wasifu. Naziweka hapa, kwa kuwa baada ya maungamo yanayofuata huenda nisikabidhiwe tena kalamu. Mama Marejesho, wasomaji wa mji huu wamekuwa wakija kwako na hasira, na wameondoka nazo zikiwa zimesikilizwa. Sisi wenzako umetuchunga, umetusuta, na chai yako tumekunywa zaidi ya tulivyoalikwa. Mungu akupe afya, miguu isiyouma, wajukuu wenye adabu, na asubuhi ndefu zisizo na kengele ya mtu dirishani. Nenda kwa amani, dada yetu.

Sasa ukweli. Mpima Ardhi atakaa safu ya mbele kwenye karamu ya kuaga Ijumaa hiyo, na ameniletea ujumbe kwamba kama nitalisimulia jambo lile, nilisimulie lilivyokuwa.

Ilikuwa Jumanne, saa nne. Mzee alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, koti limefungwa vifungo vyote, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa hakimu. Mama Marejesho akakaa mbele yake, akafungua kitabu popote tu, akaanza kutunga. Ufunguo ukazunguka kwenye kitasa chenye kutu. Mlango ukafunguka. Kaka mtu akamtazama dada yake, akaanza kusema: kuhusu damu, kuhusu miaka, kuhusu mama yao aliyekufa akiuliza. Hotuba ilikuwa nzuri. Nilikuwa nyuma ya rafu ya atlasi, nimeshika fomu ambayo nilijifanya naijaza.

Dakika nne hazijaisha, mzee akainua mkono. "Mama, hujageuza ukurasa."

Akajibu kwamba herufi ni ndogo, ukurasa umebeba mengi.

"Mimi nimepoteza macho, sijapoteza masikio. Na huyo anayehema nyuma ya rafu ni nani?"

Nikajitokeza, nikamwamkia. Akamgeukia Mama Marejesho.

"Nimekingoja kitabu hiki miaka sita," alisema. "Kama ni kibovu, ubovu wake ni wangu, nimeshaulipia kwa kungoja. Wewe umewaachia watu wote hapa waudhike. Mimi nimekukosea nini hata uninyime?"

Sijawahi kumwona mtu akigeuza kurasa polepole vile. Mama Marejesho alirudi mwanzo, akausoma mstari wa kwanza kama ulivyoandikwa. Mzee akaomba arudie. Akarudia.

"Matairi?"

"Matairi, mzee."

"Kurasa ngapi?"

Akamwambia. Mzee hakulia. Alikasirika, tena kwelikweli: aliugonga mkongojo sakafuni mara tatu, akamwita mwandishi majina ambayo jarida hili la maktaba halichapishi, hadi msomaji wa meza ya pembeni akamwomba apunguze sauti naye akamjibu kwamba hajaanza. Wala chumba hakikusimama. Wawili walihama viti.

Alipotulia, Mama Marejesho alichukua kikaratasi na kalamu. Sauti ilikuwa ndogo. "Ulitarajia nini, mzee?"

"Neno la kwanza," alisema. "Mlango ukishafunguka, kaka mtu anasema nini? Si hotuba. Neno lile la kwanza tu. Mengine yote ningeyapanga mwenyewe."

Nikajitia kusaidia, nikasema labda alimwambia karibu.

"Karibu huambiwa mgeni."

Mama Marejesho akasema basi huenda alitaja jina lake. Mzee akafikiri, akatikisa kichwa: miaka ishirini hakulitamka, halimtoki mtu kinywani siku ya kwanza. Mama Marejesho akasema labda aliomba msamaha. Mzee akauliza nani anamwomba nani. Tulikaa hapo watatu, hadi foleni ya dirishani ikaanza kugonga kengele, tukimtafutia neno mtu ambaye hayupo, na kila tulilolipata alilipima, akalikataa.

"Wewe je, mzee?" Mama Marejesho alimuuliza. "Ungekuwa wewe ndiye uliye ndani, ungesemaje?"

"Ningekuwa najua," alisema, "ningekingoja kitabu miaka sita?"

Mama Marejesho akaliandika jibu hilo hivyo hivyo, neno kwa neno, na ukurasa akaandika wa kwanza. Akamuuliza kama anataka kuishia hapo. Mzee akasema hapana, asome yote, maana yeye ameshafika. Kwa hiyo siku hiyo, na Jumanne nyingine nane zilizofuata, Mama Marejesho alimsomea Mpima Ardhi habari za matairi, bila kuongeza neno.