Kipi Kikatike

Kijiwe cha njia panda ya Mabawe kilikuwa na benchi moja la mkaratusi, magunia mawili ya msaada yaliyojazwa maganda ya kahawa ili yakaliwe, na jiko la Dafroza lenye birika jeusi ambalo hakuna aliyewahi kulikuta limepoa. Mwaka ule kambi za wakimbizi zilikuwa zimefurika, na malori yalipita hapo mchana kutwa mpaka vumbi likawa sehemu ya ladha ya kahawa. Wakaaji wa kudumu walikuwa wanne. Mzee Gervasi aliitwa Kontena, na ukimwona huulizi kwa nini. Wiston, fundi baiskeli, aliitwa Injinia, kwa kuwa hakuna kitu alichowahi kukifungua kikafungwa tena na skrubu zake zote. Thobias, mtu wa Nyamigogo kule Biharamulo aliyefuata mke Mabawe, aliitwa Redio, maana huyo aliongea hata betri zikiisha. Wa nne alikuwa Privatus, ambaye jina lake lilikuwa bichi kabisa, limetoka juzi tu. Aliitwa Ndoana Moja.

Jina hilo halikumchekesha mwenyewe. Siku tisa zilizopita mkewe Jovitha alijifungua mapacha, na maziwa yaliyotoka yalimtosha mtoto mmoja. Wa pili alilia mpaka sauti ikaisha, kisha akalala kwa kuchoka, si kwa kushiba. Mama mkwe Theodosia, ambaye kwa heshima ya ukwe hakuwahi kusema na Privatus uso kwa uso, alitoa hukumu yake akiwa nyuma ya mlango wa jikoni: huyo bwana aambiwe alete kambale, mzazi anywe mchuzi wake wa moto siku tatu, maziwa yatashuka. Basi Privatus akaenda mto Ruvubu. Penye mchanga walikaa askari wa mpakani na hawakutaka kuona mtu. Pakabaki pale kwenye mawe, penye lindi ambamo kambale hulala chini kabisa. Alitupa mshipi mara sita, na mara sita mawe yaliukamata. Kila alipovuta mshipi ulikatika, ndoana ikabaki na mto. Dukani hapakuwa na nyingine mpaka lori la Mwanza lije Jumatano, na mtoto wa siku tisa hajui Jumatano ni nini.

Ndiyo maana alasiri ile aliitoa ndoana ya mwisho kwenye kipande cha gazeti, akaiweka katikati ya benchi. Wenzake wakainama kuitazama wote kwa pamoja.

— Nimebaki na hii tu, alisema. Nipeni uzi ambao mawe hayataukata.

Hapo kijiwe kikapata kazi. Redio alitangulia, akasema uzi wenyewe ni kamba nyeupe za maturubai ya kambini. Yeye aliona kwa macho yake moja ikilinasua lori kwenye matope. Kontena akamwambia aache uongo, lori lile lilivutwa na lori jingine, kamba ilikuwepo kama shahidi tu. Redio hakukata tamaa. Akahamia kwenye uzi wa madaktari, ule wa kushonea watu. Alimjua mtu aliyeshonwa nao tumbo Jumatatu, Ijumaa akabeba gunia la mahindi, tumbo limetulia.

— Hizo zote ni habari za watoto, alisema Kontena. Unywele wa mkia wa tembo. Babu yangu aliupata kule Burigi, akamfunga nao kiboko mguu. Kiboko akakaa pale siku mbili, mpaka wakamwonea huruma.

— Mzee, na kiboko alikubali kufungwa?

— Hakuulizwa.

Redio akaona anapitwa. Akaapa kwamba kwenye msitu wa Biharamulo kuna buibui ambaye utando wake ulikatiza njia, akaja mtu na baiskeli mteremkoni. Baiskeli ikasimama papo hapo, mwenye baiskeli akaendelea na safari. Dafroza alicheka mpaka akamwaga kahawa. Privatus naye alicheka, lakini kila kicheko kilipoisha alimsikia yule mtoto wa pili, na macho yakarudi kwenye ndoana.

Injinia peke yake hakuwa amesema neno. Alipoona wenzake wamefika kwa buibui, akaingiza mkono kwenye mkoba wake wa spana, akatoa uzi mweusi uliozungushwa kwenye kijiti. Haukuzidi unene wa kamba ya kiatu.

— Hii ni tairi ya lori la msaada, alisema taratibu. Lile lililopasuka pale mlimani. Nimechuna nyuzi zake, nimezichemsha, nimesokota tatu tatu. Siku nne nimefanya kazi hii.

— Una nguvu kiasi gani? Privatus aliuliza.

— Mzee Kontena, naomba usimame.

Wakaurusha uzi juu ya tawi la mkaratusi uliosimama nyuma ya benchi, ncha moja wakaifunga kwenye mpini wa jembe, Kontena akaukalia mpini. Wakavuta watatu, miguu imekita ardhini. Mwanzo hakikuonekana kitu. Kisha viatu vya Kontena viliachana na vumbi, vikaning'inia, na mwili wote ule mkubwa ukawa hewani umeshikiliwa na kitu ambacho kutoka barabarani hakikuonekana kabisa. Dereva wa lori la mahindi alisimamisha gari katikati ya njia, akatoa kichwa dirishani, akasahau alikokuwa anakwenda. Tawi lililia. Uzi haukulia. Kontena mwenyewe, ambaye hakuna kitu kilichowahi kumbeba tangu alipotoka mgongoni kwa mama yake, alikuwa ametulia na uso wa mtu aliye kanisani.

Walipomshusha hakuna aliyetania. Kila mmoja aliupitisha uzi ule kwenye vidole vyake, akampa mwenzake. Privatus alikwisha kuuona mchuzi jikoni.

Ndipo akaja Niragira. Huyu alikuwa mwanamke Mrundi wa kambi ya Lukole, aliyekuwa akifika kwa Dafroza mara mbili kwa wiki kupasua kuni. Alitua mzigo wake, akasema mwiriwe, salamu ya kwao ya alasiri, akamwamkia Kontena shikamoo. Aliitikiwa marahaba, kisha, kwa kuwa alimwona toka mbali, akauliza mzee alikosa nini mpaka akatundikwa. Wakamweleza yote: mapacha, kambale, mawe, ndoana iliyobaki moja. Akauchukua uzi na kuupima kwa kidole gumba.

— Ni wa tairi, alisema. Ninaujua. Huu haukatiki.

Injinia akavimba kifua. Niragira akaigeuza ndoana pale benchini, akamtazama Privatus.

— Na lile jiwe la kuzamisha mshipi unalifunga na kamba gani?

— Hii hii. Si ndiyo imara?

— Mara zile sita, kilichokuwa kinanasa ni ndoana au ni hilo jiwe lako?

Privatus alifikiri. Alikumbuka namna mshipi ulivyokuwa unakwama chini kabisa, kule ambako jiwe hutangulia kufika.

— Jiwe, alisema. Naona lilikuwa jiwe kila mara.

— Basi likinasa tena, unataka kipi kikatike?

Redio alifungua mdomo, akaufunga, na Mabawe nzima haikuwa na mtu aliyewahi kuliona jambo hilo. Kontena alitazama tawi alilotundikwa. Injinia alitazama siku zake nne. Walikuwa wameshinda alasiri nzima wakitafuta kisichokatika, na kati ya watu wazima wanne hakuna aliyejiuliza ni kipi kinachopaswa kukatika.

Niragira hakuwangoja. Alichana utepe mwembamba kwenye kamba ya mgomba mkavu iliyofunga mzigo wake wa kuni, akauweka kando ya ndoana.

— Jiwe lifunge na hii. Ikinasa, hii inakatika. Jiwe linabaki, vingine vyote vinarudi.

— Kwenu ndivyo mnavyovua? Privatus aliuliza.

— Mume wangu ndivyo alivyovua.

Dafroza alimpa kikombe, naye akakaa chini, juu ya kuni zake. Alisimulia akitazama kahawa, bila kupandisha sauti, kama mtu anayeelekeza njia.

— Tulivuka Ruvubu mto umejaa. Tulikuwa sita. Alitufunga viunoni kwa uzi wa tairi kama huu, mimi na watoto wanne. Yeye akatangulia, anapapasa mawe kwa miguu. Katikati akateleza. Nikasikia uzi unanivuta, nikajua tunakwenda wote. Halafu ukaacha kunivuta.

Alikunywa kidogo.

— Tulipofika upande huu nikawa navuta uzi wa mbele. Nilijua yupo, anakuja. Ukaja mwepesi. Mwisho wake kulikuwa na kipande cha kamba ya mgomba, kimekatika. Sisi alitufunga kwa tairi. Yeye alijifunga kwa mgomba. Hakuniambia.

Lori lilipita, vumbi likatua juu ya vikombe, na hakuna aliyefunika chake. Privatus alishikwa na hofu ambayo hakuijua. Alimwona mwanamume yule asiyewahi kumwona, amechuchumaa ukingoni na watoto wanalia, anachagua kamba ya mkewe, anachagua kamba ya watoto, kisha anachagua yake mwenyewe.

— Aliitwa nani? Kontena aliuliza, kwa sauti ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia kwake.

— Bonaventura.

Kontena akalitamka jina hilo polepole, kama anavyotamka majina ya marehemu wa kwao kwenye sala.

Jua lilikuwa bado juu, wakaenda wote wanne. Niragira hakwenda, tangu siku ile hakukaribia mto, na hakuna aliyemwomba. Pale kwenye mawe Privatus alifunga ndoana kwa uzi wa Injinia, na jiwe akalifunga kwa ule utepe wa mgomba. Fundo hilo la pili lilimchukua muda mrefu kuliko alivyowahi kufunga fundo lolote. Akatupa. Wakangoja mpaka kivuli cha mwamba kikafika majini. Mshipi ukatikisika, ukakazana, akavuta, na kule chini jiwe likanasa, vilevile kama mara zile sita.

Redio alifumba macho. Privatus akaendelea kuvuta, na kiganja chake kikasikia kitu kidogo kikiachia kule chini, kidogo sana. Kisha mshipi wote ukaanza kuja, mzito, unapigana, na kambale wa urefu wa mkono akatokea juu ya maji akiwa na ndoana mdomoni. Injinia alimshika samaki kwa mikono miwili ili asirudi, na Kontena akavua kofia, akasimama ameuelekea mto. Wenzake wakasimama naye.

Jovitha alikunywa mchuzi kama alivyoagizwa, na siku ya tatu maziwa yalishuka. Sauti ya mama mkwe ilitoka nyuma ya mlango, ikisema huyo bwana aambiwe watoto wamenyonya wote wawili. Privatus alikwenda kusimama penye mlango wa chumba. Jovitha alikuwa ameegemea ukuta, mmoja huku, mmoja kule, wamelala na midomo bado imelowa maziwa. Swali la Niragira likamrudia: unataka kipi kikatike? Sasa aliwatazama wote watatu, akaona kwamba jibu analo, lile lile la Bonaventura, na kwamba halikumchukua hata muda wa kufikiri.