Mzee wa Tanuri na Kioo Namba Arobaini na Moja

Ndugu, jamaa na majirani, familia inawasomea maisha ya baba yetu, ambaye wenzake kazini walimwita Mzee wa Tanuri.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa tatu wa mshona viatu, katika chumba cha nyuma ya duka, akasoma shule ya msingi kuanzia 1977 hadi 1983, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu fani ya umeme mwaka 1989.

Tarehe 2 Mei 1994 aliajiriwa katika maabara, akawa fundi wa kupaka juu ya kioo utando wa oksidi ya zinki na indiamu, mwembamba kuliko unywele mara maelfu, na kuuoka tanurini, ili upitishe umeme pale tu unapoamriwa, kwa ajili ya skrini za kukunja na vifaa ambavyo bado havijafika madukani.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 2003, wakajaliwa watoto wawili, binti na mdogo wake wa kiume.

Mwaka 2022 utando wake mmoja ulifanya kazi siku mia bila kudhoofu, ila bila kioo cha pili kama hicho hakuna ambaye angeuamini. Februari 2023 akalazwa kwa ugonjwa wa figo, na wenzake, kwa upendo, wakalisugua bomba la tanuri likatakata.

"Mzee, tumekuandalia, linang'aa kama sahani mpya!"

Aliporudi kazini alilitazama, akakaa chini, akacheka, "Mmeniogesha hadi roho," kwani ukoko wa miaka mingi ndani ya bomba ndio uliokuwa ukiulisha utando wake, na tangu siku ile wakajaribu kioo baada ya kioo, wakivipa namba, hakuna kilichofaa.

Binti yake aliacha shule kidato cha pili ili amuuguze na kumwandikia vipimo vya vioo daftarini, baba aliposhindwa kushika kalamu, ingawa kila asubuhi alimfukuza, "Nenda shule, mama, mimi nitakufa hata usiponikodolea macho."

Tarehe 6 Novemba 2024, saa nne asubuhi, mwenzake alipiga simu kuhusu kioo cha arobaini na moja, "Hakijapitisha kitu, binti, mwambie taratibu," na baba alipouliza, binti akajibu, "Kimepitisha, Baba." Akasema, "Basi andika," binti akaandika, na saa saba mchana baba akakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, na wenzake wa maabara, ambao leo tunawakabidhi daftari lake, tukiwaomba mfute mstari wa mwisho, kwa sababu si wa kweli, msije mkapoteza miaka mkiufuata.

Baba, binti yako alikudanganya mara moja tu. Pumzika, hata kama utamkasirikia.